Manjano Iliyobaki Kwenye Picha

Kila jioni tuliifungua mashine vipande vipande na kuificha. Ekra, yaani skrini, iliingia kwenye gunia la maharage, sanduku la ordinateri, kompyuta yenyewe, likashuka kwenye shimo la viazi nyuma ya jiko, betri ya sola ikaenda kwa jirani, na nyaya zote nilizifunga kiunoni chini ya shati nikalala nazo. Asubuhi tuliunganisha tena. Mama mwenye labo, mjane aliyenipa kazi na mahali pa kulala, alikuwa na maelezo yake: "Mwizi akuye, achukue kipande. Kipande moya haina kazi. Atarudi kutuomba ingine, njo tutamuona sura."

Labo ndivyo tulivyokiita chumba chetu cha mbao pale Kashebere, kando ya barabara ya kwenda Walikale. Tulipiga picha za watu na kuzichapa, basi. Nilifika hapo nikikusudia kulala siku mbili, nikakaa miezi saba. Shule niliiacha darasa la tano, na tangu hapo sijakaa mahali pamoja mwaka mzima, lakini kitu chochote chenye skrubu lazima nikifungue nione ndani kuna nini. Mambo ya ordinateri nimeyajua kwa njia hiyo, kwa kufungua huku nikiogopa kwamba sitaweza kufunga.

Asubuhi moja ekra iliwaka ikiwa ya manjano. Haikuwa manjano ya kuchoka, ile inayokuja polepole kwenye ekra za zamani. Kila kilichotakiwa kuwa cheupe kilikuwa kama mafuta ya mawese. Kwenye picha zilizokuwa zikingoja kuchapwa, mashati ya wanafunzi yalikuwa manjano, kaptula zao za buluu zilikuwa nyeusi, na mbingu nyuma ya bibi harusi mmoja ilikuwa kijani kama jani la mgomba. Nilizima nikawasha. Hakuna kilichobadilika.

Mteja wa kwanza alikuwa dada wa kwaya aliyetaka picha mbili ndogo. Nilifanya kosa ambalo mtu mwenye haraka hulifanya: nilijaribu kutibu picha badala ya kutibu ekra. Kwenye programu nilisukuma rangi ya buluu mpaka mwisho, ekra isibadilike hata kidogo, nikachapa hivyo hivyo. Karatasi ilitoka na uso wa buluu uliokolea.

Dada akaishika kwa ncha za vidole. "Kaka, huyu ni mimi? Nani alikuambia nimekufa?"

"Tulia, dada," Mama akasema kutoka mlangoni. "Hata maiti wanahitajika mu kwaya. Utaimba sauti ya chini."

Tulicheka wote watatu, nami nikajifunza kitu. Karatasi ilikuwa imenionyesha kwamba picha ilikuwa nzima na ekra ndiyo ilikuwa inadanganya. Niliirudisha buluu mahali pake, nikachapa upya bila kuitazama ekra, na dada akatoka akiwa na ngozi yake mwenyewe. Nilijiona fundi. Nilikuwa bado katika hali hiyo ya kujisifu moyoni wakati tate alipoingia.

Tate ndivyo kwetu tunavyomwita nyanya, bibi mzee. Huyu alikuwa mwembamba, miguu imejaa matope mpaka magotini. Familia yake ilikuwa watu wa Kibabi, wakulima wa maharage na mihogo, waliokimbia vita kule na kupewa kipande cha kilima juu ya Kashebere, mwendo wa saa mbili kwa miguu. Binti yake alikuwa amejifungua siku tano zilizopita, mtoto wa kiume. Baba wa mtoto alikuwa mbali ndani ya msitu wa Walikale akichimba madini, naye alikuwa ametuma neno: nataka kuuona uso wa mtoto kwenye karatasi, ndipo nitume jina. Kwa hiyo tate aliazima simu ya jirani, akampiga mtoto picha ndani ya nyumba, akashuka nayo.

Niliihamisha picha kwenye mashine na kuifungua. Mtoto mdogo aliyefungwa kitambaa, mkono wa tate ukimwinua kichwa, ukuta wa masizi nyuma. Macho yalikuwa yamefunguka nusu. Picha yote ilikuwa manjano: kitambaa manjano, kiganja cha tate manjano, mtoto manjano.

Tate alisogea akaiinamia ekra. Hakucheka.

"Juu ya nini macho yake iko manjano?"

"Si macho, tate, njo ekra," nikamwambia. "Leo watu wote wako manjano. Angalia." Nikamfungulia wanafunzi, nikamfungulia bibi harusi. "Unaona? Iko ugonjwa ya mashine."

"Mutoto haiko na kitu?"

"Hana kitu. Mutoto ni muzima."

Ninaliandika neno hilo hapa kama lilivyotoka kinywani mwangu, kwa sababu nililisema bila kufikiri, kwa sauti ya mtu anayejua. Tate alishusha pumzi ndefu, akacheka kwa mara ya kwanza, akanipiga begani. Akasema ni kweli, mtoto yule ni mtulivu sana, hata hasumbui, analala mchana kutwa, mama yake ndiye anayemwamsha anyonye, naye anarudi kulala. Mama mwenye labo akasema hao ndio watoto wazuri. Nilimwambia tate uso wa mtoto mgeni sitaki kuuchapa kwa kubahatisha, bila kuuona kwenye ekra kama nilivyofanya kwa dada wa kwaya, arudi Jumamosi nikiwa nimetengeneza. Akafunga simu ya jirani kwenye pindo la kitenge chake akaondoka.

Nilianza kuitafuta ile manjano. Kwanza nilibonyeza vitufe vya ekra yenyewe, vile vilivyo pembeni, ili nifike mahali pa kurekebisha rangi. Hapo ndipo nilipopaona pa kushika. Kijisanduku cha maandishi kinachotokea unapobonyeza vitufe vile kilikuwa na herufi nyeupe. Nyeupe kabisa, juu ya bahari ya manjano. Nilikitazama kwa muda mrefu. Kijisanduku kile kinatoka ndani ya ekra. Picha zinatoka kwenye ordinateri na kupita kwenye waya. Ikiwa ekra inaweza kutoa weupe wake yenyewe, basi ekra haina kosa. Kuna kitu kinachopotea njiani.

Nilifungua skrubu za waya. Kichwa chake kina vipini vyembamba vingi, vimepangwa safu tatu, na kipini kimoja kilikuwa kimelala kama unywele. Nikakumbuka alfajiri ile. Wakati naunganisha kulikuwa na milio ya risasi upande wa mto, nikiwa na haraka, nikakisukuma kichwa cha waya kwa nguvu nikakaza bila kutazama. Miezi saba ya kuchomoa jioni na kuchomeka asubuhi ilikuwa imeulegeza waya, na hofu ya asubuhi moja ikaumaliza. Kipini kile ndicho kilichokuwa kikibeba buluu. Ukiitoa buluu, weupe wote unageuka manjano. Nilikinyoosha kwa sindano ya Mama, nikizuia pumzi kwa sababu kikikatika hakuna kingine, nikachomeka polepole, nikawasha.

Weupe ulirudi. Nilipiga kelele ya furaha, Mama akaja mbio. Wanafunzi wakawa na mashati meupe, bibi harusi akapata mbingu yake. Nikafungua picha ya tate ili nami niufurahie uso wa mtoto.

Kitambaa kilikuwa cheupe. Masizi yalikuwa meusi. Kiganja cha tate kilikuwa na wekundu wake, na kucha zake zilikuwa na udongo. Mtoto alikuwa manjano. Kipaji cha uso manjano, shingo manjano, na katika yale macho yaliyofunguka nusu, mahali pa weupe palikuwa kama kiini cha yai.

Nilishika kichwa cha waya, nikakikaza tena. Nilizima nikawasha. Nilikuwa nataka kipotee kipini kingine, kosa lolote lirudi. Halikurudi.

Miaka miwili kabla ya hapo, huko Walikale, nililala wiki nzima kwenye baraza la hospitali nikimsubiri rafiki aliyevunjika mguu. Kupitia dirishani niliona chumba chenye taa ya buluu na watoto wachanga chini yake wamefungwa macho. Nikamuuliza muuguzi mmoja ile taa ni ya nini, nikamuuliza tena na tena mpaka akachoka nami. Alinieleza kwamba watoto wengine huzaliwa kisha wanageuka manjano, ambayo taa ile huipunguza, na wengi hupona wenyewe, lakini manjano ikizidi, mtoto hulala sana, hukataa kunyonya, na sumu ya ile manjano hupanda kichwani. Akipona baada ya hapo, mara nyingi masikio yanabaki yameharibika. Nilikuwa nayajua hayo yote. Nilikuwa nayajua wakati namwambia tate kwamba mtoto ni mzima.

Mama alisimama nyuma yangu. "Wewe si muganga," akasema.

"Asubuhi nilikuwa muganga," nikamjibu.

Nilichapa ile picha nikakimbia nayo kituo cha afya. Muuguzi, kijana mwenye uchovu usoni, aliipeleka mlangoni kwenye mwanga, akaitazama, akanirudishia. "Siwezi kutibu karatasi, kaka. Leta mutoto. Lakini leta leo."

Motadi mmoja, dereva wa pikipiki, alikubali kunipeleka hadi pale njia ya pikipiki inapoishia. Kabla ya hapo kuna kizuizi, kamba iliyofungwa kwenye vigingi viwili, na siku ile vijana wenye bunduki walikuwa na wasiwasi kutokana na risasi za alfajiri. Walituteremsha. Mmoja alinipapasa, akakuta waya kiunoni. Nilikuwa nimejifunga ule wa akiba, wa umeme, bila hata kujua, kwa mazoea tu.

"Hii ni ya nini? Ya kulipua?"

Nilisikia motadi akinong'ona sala. Nilitoa picha kwa mkono wa kushoto, mkono wa kulia ukiwa juu, nikasema ni waya wa umeme wa ekra, mimi ni wa labo, nafuata huyu mtoto, ni mgonjwa. Kijana aliichukua picha. Alikuwa na macho mekundu ya kukosa usingizi. Aliitazama, akamwonyesha mwenzake.

"Huyu iko na macho ya paka."

"Mupeleke yeye na mama yake ku santre ya afya," mwenzake akasema. "Mutoto ya dada yangu ilikuwaka hivi hivi." Hakusema iliishaje, nami sikuuliza, mara ya pekee maishani mwangu. Walinirudishia picha, wakashusha kamba. Pikipiki waliizuia ingoje hapo mpaka nirudi, pamoja na motadi, pamoja na waya.

Nilipanda kilima kwa miguu. Kila hatua nilihesabu saa zilizopita tangu niseme lile neno. Nilimkuta tate uani akichambua mboga, akafurahi kuniona. Alidhani nimeleta picha ya kupelekwa kwa baba.

"Tate, mutoto iko wapi?"

"Ndani, analala."

"Tumutoe tumuone ku mwanga."

Kicheko chake kilikatika. Kwao mtoto hatolewi nje kabla kitovu hakijaanguka, na kitovu kilikuwa bado. Hii ndiyo sababu hakuna aliyemwona vizuri tangu azaliwe: chumba kile hakikuwa na dirisha, moto uliwaka kona moja mchana na usiku, na kwenye mwanga wa moto kila mtu ana rangi ileile. Taa nyeupe ya kwanza iliyowahi kumwangukia mtoto yule ilikuwa ya simu ya jirani, sekunde moja, wakati wa picha.

"Wewe mwenyewe ulisema njo ekra," tate akasema.

"Nilikosea."

"Ulinionyesha wanafunzi. Ulisema wote wako manjano."

"Wote walipona, tate. Yeye hakupona."

Alinitazama kwa namna ambayo bado naiona. Kisha akasimama mlangoni akiweka mikono yake huku na huku, akasema mtoto hatatoka kwa maneno ya mtu wa mashine anayesema hili asubuhi na lile mchana. Alikuwa na haki. Ningekuwa yeye nisingenisikiliza.

Nyuma yake, ndani ya moshi, mama wa mtoto alisema, "Leo hajanyonya hata mara moja."

Tate hakugeuka.

"Mama, toka hapo," binti akamwambia.

Yule binti alikuja hadi mlangoni na mtoto mikononi, akainama akapita chini ya mkono wa mama yake kama mtu anayepita chini ya kamba, akasimama uani. Jua lilikuwa kali. Akafunua kitambaa. Uso na macho yalikuwa manjano kama kwenye picha. Tate alivua kitenge chake cha juu akamfunika binti yake mabegani, na hiyo ndiyo ilikuwa njia yake ya kukubali.

Kushuka tulishuka tukikimbia pale palipowezekana. Mtoto hakulia hata mara moja, na kule kutokulia kulinitisha kuliko wale vijana wa kizuizi. Mama yake alikuwa akimfinya kisigino kila baada ya muda ili aone kama atashtuka. Mwanzo alishtuka. Karibu na chini, alichelewa.

Kwenye kamba walinirudishia waya, wakatuachia njia bila kuuliza. Motadi alimchukua mama na mtoto, mimi na tate tukatembea. Tulipofika kituo cha afya, muuguzi alikuwa amekwisha kubonyeza ngozi ya pua ya mtoto kwa kidole, kisha ya kifua, kisha ya nyayo, na akiinua kidole kulibaki alama ya manjano kote. Alikuwa akiandika barua ya kuwapeleka hospitali kubwa upande wa Masisi, akiandika kwa haraka mpaka karatasi inachanika. Pikipiki ileile ikawabeba. Tate akapanda nyuma yao, watatu na motadi, nami nikabaki barabarani na ule waya mkononi.

Siku nne hatukupata habari. Niliendelea kuunganisha asubuhi na kufungua jioni, na kila mteja akiniuliza kama picha yake iko sawa, nilimwambia atazame mwenyewe. Siku ya tano motadi akasimamisha mbele ya labo bila kuzima injini. "Anaishi," akapaza sauti, akaondoka.

Muda mfupi baadaye nikaondoka Kashebere. Nilizunguka Walikale, nikabeba mizigo, nikatengeneza redio. Niliporudi kule kilimani mtoto alikuwa anakaa mwenyewe. Baba yake alikuwa ametuma jina, na ile picha ilikuwa imefika kwake msituni, ile ya manjano, kwa kuwa ndiyo pekee iliyokuwepo.

Mama yake alikuwa uani akichambua maharage, mtoto amekaa mkekani mgongo wake ukinielekea. Sikuweza kujizuia. Nilipiga vidole nyuma ya kichwa chake, taratibu, kama mtu anayejaribu waya. Hakugeuka.

"Wacha, kaka," mama yake akasema. "Mimi nilishapima."

Akamwita kwa sauti ya kawaida. Mtoto aliendelea kuchezea ganda la haragwe. Akamwita kwa kelele, sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya bonde, na mtoto akageuka papo hapo, akatabasamu.

"Ya nguvu anasikia. Ya polepole, hapana. Mu hospitali walisema njo itabaki vile."

Nilitaka kumwomba msamaha, lakini nilichosema ni cha kijinga. Nilisema basi si vibaya sana, mtamwita kwa nguvu.

Aliacha maharage. "Wewe unatembea peke yako, kaka. Ulishakimbia na mutoto? Sisi tukisikia risasi tunaingia mu migomba, na mule hakuna kuita mutu kwa nguvu. Tunanong'ona. Mutoto anaambiwa lala chini, analala. Anaambiwa kuya, anakuya. Huyu nitamwambiaje?"

Akaniambia wameanza kujifunza, yeye na mtoto, kila siku kidogo. Mgonge mara moja mgongoni, maana yake tulia. Mara mbili, njoo. Akasogea nyuma yake bila sauti, akamgonga mara mbili kati ya mabega. Mtoto aligeuka akainua mikono miwili abebwe, akacheka kwa sauti kubwa iliyojaa ua mzima, na mama yake akamwekea kiganja mdomoni, upesi, ingawa siku ile vilima vyote vilikuwa kimya.